Kidonge cha alfajiri: nilivyotunza tezi ya shingo katika mimba ya pili

Tezi yangu ilikuwa imelegea kidogo tu: TSH (homoni ya ubongo inayoiamsha tezi, hupanda tezi ikilegea) 6.1, T4 (homoni ya tezi yenyewe) ya kawaida, shingo haijavimba. Asiye na mimba mara nyingi huambiwa asubiri apimwe tena. Mjamzito hana nafasi hiyo, kwa kuwa miezi mitatu ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya tezi ya mama, na mahitaji hupanda kabla hata kadi ya kliniki haijafunguliwa.

Kwa hiyo nilianza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, mikrogramu 50, kabla ya kushika mimba. Daktari aliniachia maagizo mapema: siku kipimo cha mkojo kikitoa mistari miwili, vidonge 7 vya wiki viwe 9 (viwili Jumatano, viwili Jumapili), na TSH ipimwe kila baada ya wiki 4 mpaka katikati ya mimba. Ishuke chini ya 2.5.

Kipimo cha kwanza kilisoma 4.4. Dozi haikuwa na kosa. Kliniki nilipewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, nikawa nameza vyote pamoja asubuhi. Madini ya chuma hunasa levothairoksini tumboni, ikapita bila kufyonzwa. Kalsiamu hufanya hivyohivyo, na soya pia. Uji wa lishe tunaousifia kwa wajawazito mara nyingi una soya.

Nikapanga upya. Saa 11 alfajiri, kidonge na maji matupu. Chai au uji, saa 12 kamili, si kabla. FEFO saa 3 usiku. Chuma na kalsiamu vikae mbali na levothairoksini kwa saa 4 au zaidi. Kipimo kilichofuata: 1.9, kwa dozi ileile.

Jumapili usiku nilihesabu vidonge 9 kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko. Wiki ikiisha na kimoja kimebaki chini, kuna siku imerukwa.

Kama kichefuchefu cha asubuhi kinakutapisha, muulize daktari kuhusu kumeza levothairoksini usiku, yakipita masaa matatu baada ya chakula cha mwisho. Hapo FEFO ihamie mchana.

Baada ya kujifungua nilirudi kwenye vidonge 7 kwa wiki, nikapima wiki ya 6. Dawa hii hainyimi mtoto ziwa. Mwenye kingamwili za TPO (kinga ya mwili inayoishambulia tezi) aendelee kupima mwaka mzima, maana moyo kwenda mbio au uchovu usioisha baada ya uzazi husingiziwa kukosa usingizi, kumbe ni tezi.