Tano au sita

Jana binti yangu alitoka uvunguni mwa kitanda na kimpira cheusi chenye nukta mbili za njano. "Baba, mpira gani huu haudundi?" Nikamwambia ni wa skwoshi, haudundi mpaka upate moto. Akaanza kuusugua viganjani. Mimi nikabaki na ile fainali.

Mnaokumbuka enzi zangu za ukatibu wa raketloni chekeni tu. Chama cha taifa kilikuwa mimi, mwenyekiti asiyepokea simu, mhuri na daftari moja. Mchezo wenyewe ni minne kwa mpigo: mpira wa meza, vinyoya, skwoshi, kisha tenisi, kila mmoja hadi pointi 21, na pointi zote hujumlishwa. Kwa hiyo ulitakiwa kubembeleza vyama vinne, na kila kimoja kilikuuliza wewe ni wa nani hasa. Kiwanja cha skwoshi tulipewa kwa saa moja, upande wa pili wa mji. Ndiyo maana fainali yetu ya kwanza ilihama kwa bodaboda, raketi zimefungwa mgongoni kama kuni, na mvua ya Kampala ikatukuta njiani.

Walikuwa kijana fundi cherehani wa Kisenyi na mwalimu mmoja wa tenisi. Mezani kijana alimla 21–9. Vinyoya, kijana tena. Skwoshi, mwalimu 21–14. Tulipofika Lugogo kwa tenisi mvua ilikuwa imekatika, na kijana akanijia huku akikamua soksi.

"Katibu, naongoza kwa kumi na moja, siyo?"

Nikafungua daftari. Kurasa zilikuwa zimegandana kama chapati za jana. Nikazibandua moja moja kwa ukucha. Wino ulikuwa umetapakaa, na tarakimu ya mwisho ya mwalimu kwenye vinyoya ilikuwa imevimba tumbo. Kumi na tano au kumi na sita? Nikaliinua daftari kwenye mwanga, nikaliinamisha, nikalipuliza. Mwalimu alikuwa keshasimama mstarini anadundisha mpira. Mlinzi wa viwanja alikuwa ananionyesha saa yake. Nikaona aibu, katibu mzima wa taifa kushindwa kusoma mwandiko wake.

"Kumi na sita," nikasema. "Unaongoza kwa kumi."

Akanitazama mimi, kisha akautazama mhuri uliokuwa mezani.

"Sawa, mzee."

Mwalimu akachukua tenisi 21–10. Kwa hesabu yangu, ameshinda kwa pointi moja. Kikombe, picha, rolexi, ile chapati ya kukunjiwa mayai, kwa kila mtu, na taarifa nikaigonga mhuri usiku uleule.

Nilipokuwa navua shati ndipo kikaanguka kikaratasi cha mwamuzi wa vinyoya, kikavu kabisa ndani ya mfuko wa plastiki niliokiweka kwa mkono wangu mwenyewe. 21–15. Nikajumlisha mara tatu. 66 kwa 66. Na sare katika mchezo huu huamuliwa kwa pointi moja tu ya tenisi, ambayo Wazungu walioanzisha mambo haya huiita gummiarm, mkono wa mpira, kwa jinsi mkono unavyolegea. Pointi hiyo haikuchezwa.

Nilikusudia kupiga simu asubuhi. Asubuhi mwalimu akanipigia yeye, ananishukuru, mkewe anasikika nyuma akipiga vigelegele. Nikasema wiki ijayo. Banange, chama chenyewe kikafa kabla sijaipata hiyo wiki.

Kijana hunitumia ujumbe kila Idi: "Idi njema, Katibu." Bado ananiita Katibu. Nami hujibu, "Na kwako pia, mwanangu." Mwaka mmoja niliandika mistari sita zaidi, nikaifuta. Nadhani alijua siku ileile. Mchezaji hasahau pointi zake. Kinachonisumbua ni kwamba aliutazama mhuri.

"Baba, umedunda!"

Ulidunda kweli, mara moja, ukaingia chini ya kabati.