Nilivyojua ni nani hasa wa kumpelekea mdogo wangu alipougua akili

Mombasa hii ukisema tu nyumbani kuna mgonjwa wa akili, kila mtu ana mtu wake wa kukupeleka. Shangazi alikuwa na sheikh wake wa kombe (aya zinaandikwa kwenye sahani, zinaoshwa, mgonjwa anakunywa yale maji), jirani ana kaunsela wake, mjomba anasema mpelekeni hospitali ya akili ya Mathari Nairobi moja kwa moja, na mwenzangu wa kazini akanambia tafuta mwanasaikolojia au kaunsela au daktari wa akili, yeyote utakayempata, hao wote kazi yao ni moja. Sio moja! Maneno hayo bado yananikera, maana yalitupotezea pesa na wakati mdogo wangu akizidi kuharibika, na saa hii majirani wa huku Kisauni wananipigia mimi simu kwanza kabla hawajampeleka mtu popote.

Mdogo wangu ni wa tuktuk. Alianza kwa kutolala, na sio kwamba usingizi ulimpaa kwa mawazo, hapana, alikuwa hauhitaji kabisa, saa tisa usiku yuko nje anaosha tuktuk, anaongea haraka mpaka maneno yanapandana, anataka kununua tuktuk za mtaa mzima, na alishakopa kwenye simu kila mahali panapokopesha. Watu wakasema ni muguka, yale majani ya kutafuna yanayomfanya mtu asilale. Kombe alikunywa, na mtu asinitolee maneno juu ya dua, sisi dua tunaomba mpaka leo, na yule sheikh Mungu ambariki ndiye wa kwanza kusema huyu ni mgonjwa mpelekeni hospitali.

Lakini jirani akatuwahi na kaunsela wake. Ofisi mjini, ghorofani, cheti kiko ukutani kwenye fremu, unalipa kwa saa na sio pesa ndogo. Alikuwa mtu mpole kweli. Akamwambia mdogo wangu, karibu, nieleze maisha yako tangu utotoni. Sasa mtu ambaye hajafunga macho siku kadhaa na ubongo unamwenda mbio unamwambia aeleze maisha yake! Alieleza wallahi. Saa nzima hakupumua, katoka utotoni kaingia kwenye bandari kaingia kwenye urais, kaunsela anaandika tu. Mwisho akampa kazi ya nyumbani, kila siku aandike hisia zake kwenye daftari. Lile daftari la kurasa 96 lilijaa usiku ule ule, likaisha akahamia ukutani, mamangu ameamka alfajiri kuswali anakuta sebule imeandikwa kuanzia mlangoni mpaka kwenye jokofu. Tukarudi kwa kaunsela na picha za ukuta, akasema ni dalili nzuri anafunguka moyo, tuongeze vikao. Na tukaongeza, kwa sababu kila mtu alitwambia huyo ndiye daktari wa akili.

Aliyenieleza sawasawa ni nesi mmoja ambaye nilikwenda kwake kwa mambo mengine kabisa. Akanikalisha akanambia dada, hawa watu wamesomea vitu tofauti na kila mmoja lazima asajiliwe na baraza au bodi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, amesoma udaktari wa kawaida miaka 5 au 6 kama daktari mwingine yeyote, akafanya kazi hospitalini chini ya wakubwa, halafu akarudi darasani miaka mingine kusomea akili peke yake, kwa hivyo anapima mwili, anaandika dawa, analaza mgonjwa. Mwanasaikolojia tiba amesoma saikolojia mpaka digrii ya pili au zaidi, anapima akili kwa maswali na majaribio, anatibu kwa mazungumzo yenye utaratibu wake, lakini dawa haandiki, hata kama ana PhD na watu wanamwita daktari. Kaunsela anasaidia mtu aliyefiwa, ndoa inayoyumba, anayetaka kuacha unga wa kulevya, na yeye pia haandiki dawa. Hawa wawili wa mwisho wako chini ya sheria ya 2014 ya washauri na wanasaikolojia, wana bodi yao, na daktari yuko chini ya baraza la madaktari, KMPDC, ambalo unaweza kutafuta jina lake kwenye intaneti ukiwa kitandani kwako.

Halafu kuna wawili ambao watu wanawadharau na ndio waliotuokoa: klinikal ofisa aliyesomea akili, yaani mtabibu ambaye si daktari, na nesi wa akili. Madaktari bingwa wa akili nchi nzima ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hivyo huku pwani mara nyingi utakayemkuta kwanza ni klinikal ofisa, na huyo anaandika dawa. Usimkatae ati unataka daktari mkubwa, yakimzidi yeye mwenyewe anakupeleka kwa bingwa.

Tukaenda hospitali ya Port Reitz, kule Changamwe, kuna kitengo cha akili. Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo najivunia mpaka leo. Nilishajua mdogo wangu mbele ya wageni anajikaza, anavaa shati safi, anasalimia vizuri, robo saa nzima utadhani ni mimi mgonjwa. Basi usiku kabla ya kwenda nikamrekodi kwa simu kipande kidogo, saa nane usiku, anavyoongea na anavyozunguka uani, na nikaandika kwenye karatasi amelala masaa mangapi kila usiku na amekopa nini wapi. Kufika pale akaanza, shikamoo daktari, mimi sina shida dada yangu tu ana wasiwasi. Nikatoa simu. Yule klinikal ofisa hakutazama hata dakika mbili, akaniuliza usingizi nikampa karatasi. Video niliifuta baadaye mbele ya mdogo wangu mwenyewe, kwa sababu ni heshima yake.

Wakampima damu, sukari, tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, maana ikizidi kazi nayo inamfanya mtu asilale na ahangaike, mkojo kuangalia dawa za kulevya, wakauliza muguka wazi wazi bila kumhukumu. Nikaona kumbe hii ndiyo tofauti, kaunsela wa kwanza hakuwa na njia hata ya kujua kama ni tezi. Bingwa alipomuona akasema ni baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hivyo na wakati mwingine kumshusha kwenye huzuni nzito, akaanzishiwa dawa ya kumlaza na kumtuliza, baadaye lithiamu. Hiyo lithiamu ina mambo yake, damu inapimwa kama masaa 12 baada ya kidonge cha mwisho, na kwa joto letu hili ukitoka jasho sana hunywi maji inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu, na dawa za maumivu kama ibuprofen usimeze ovyo. Ramadhani usifunge kabla hujazungumza na daktari.

Alipotulia, tukarudishwa kwenye mazungumzo, safari hii kwa mwanasaikolojia, na yakafanya kazi vizuri sana, alijifunza kutambua dalili zake, usingizi ukipungua tu anasema mwenyewe. Kwa hivyo siwasemi vibaya makaunsela. Mtu ambaye ubongo wake unakimbia hivyo kumpa mazungumzo peke yake ni kumpa aliyevunjika mguu mawaidha ya kutembea, lakini mguu ukishafungwa lazima afundishwe kutembea.

Siku hizi mtu akinipigia namwambia kabla hujalipa hata shilingi piga simu uliza: umesajiliwa na baraza gani, unaandika dawa au huandiki, na hali ikikuzidi unampeleka mgonjwa kwa nani. Hilo la mwisho ndilo zito. Mtu wa kweli anakujibu hapo hapo kwa jina la hospitali, anayeanza kukasirika au kukwambia haijawahi kumzidi, kata simu. Na kama mgonjwa anasema anataka kujiua au haoni haja ya kuishi, hakuna cha miadi wala kaunsela wa jirani, mchukue hata kwa tuktuk mpeleke imajensi hospitali ya Coast General usiku huo huo, na usimwache peke yake njiani.