Vikonyo vya Mti wa Kijani

Fundi wa jirani anaranda mbao tangu asubuhi, na harufu ya utomvu imeingia mpaka kwenye chai yangu. Wengine harufu hiyo huwakumbusha Krismasi. Mimi hunikumbusha gunia.

Ilikuwa 1971, kule juu, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Baba alikuwa kibarua wa misitu. Viazi vyetu vilipakana na misonobari ya radiata iliyokuwa ikifa kuanzia miguuni. Sindano za matawi ya chini zilipigwa mistari myekundu kama zimefungwa uzi, zikakauka, zikadondoka. Kila mvua iliponyesha, matone yaliruka na mbegu za kuvu kutoka jani gonjwa hadi jani zima. Tanganyika waliuona ugonjwa huo 1957, na haukukawia kuvuka mpaka.

Katikati ya msitu ule ulisimama mti mmoja wa kijani mpaka chini, kana kwamba haukupata habari.

Watafiti wa misitu wa kituo cha Muguga walitaka vikonyo vyake, yaani vitawi vya kileleni, wavipandikize kwenye miche. Nikauliza mbona wasichukue mbegu.

"Mbegu ina mama na baba," Baba akasema, "na huyo baba humjui, kaletwa na upepo. Kikonyo ni mti wenyewe."

Alikwea ule wa kijani na mingine miwili iliyougua kidogo. Akakata vikonyo sita kila mti, akavifunga kwa uzi wa katani, kila fungu na kadi yake ya namba. Akavitia kwenye gunia bichi, akanikabidhi: nivilinde, nisiondoke. Yeye akashuka kuangalia gari.

Mvua ya mawe ikaanguka. Nikalivuta gunia nikajifunika kichwa.

Vilimwagika vyote kwenye tope, nyuzi zikafunguka, kadi zikachomoka. Nikapiga magoti, nikavitazama kimoja kimoja. Vilikuwa vimekatwa kileleni, na kileleni hata mti mgonjwa huwa kijani. Nikavinusa. Nikalamba kimoja, sijui nikitafuta nini. Kichungu. Nikalamba cha pili: kichungu vilevile. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, utomvu umenata kila mahali, na chini nasikia Baba anakohoa akipanda mlima. Nikahesabu sita, sita, sita. Nikafunga kadi kwa kubahatisha.

"Vimelowa vizuri?"

"Ndiyo, Baba."

Akanitoa nyuzi za gunia kichwani, moja, mbili, tatu, wala hakusema kitu.

Gari likavichukua. Baadaye msitu wote ukafyekwa, mti wa kijani pamoja, ikapandwa misonobari ya patula, ambayo ugonjwa ule hauisumbui hivyo. Basi kama mti wetu uko hai popote, huenda unaishi kwa namba isiyo yake, na mwingine wa hivihivi unapewa sifa zake. Au nilibahatisha sawasawa. Au vyote vilikauka njiani, nami najitesa bure.

Mpaka uzeeni Baba aliwaambia wageni kwamba mwanawe ndiye aliyelinda vikonyo vya Muguga. Akifika hapo, mimi hutoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nimemwendea fundi, nikaokota kipande cha maranda sakafuni, nikamuuliza hii mbao gani.

"Patula, mzee," akasema bila kuinua kichwa. "Ulitaka gani?"