Koilova za Corolla KE70, kazi ya Gerezani

Seti za koilova (springi na shokapu zinazokuwezesha kurekebisha urefu wa gari) za mtandaoni zingenila pesa nyingi kuliko gari lenyewe, hivyo strati (nguzo za shokapu za mbele) za Corolla yangu, KE70, nilizipeleka kwa mkerezaji wa Gerezani, Dar es Salaam.

Mbele gari hili lina strati za MacPherson: shokapu imo ndani ya bomba na springi imelizunguka. Tulitoa shokapu na oili yote kwanza, maana bomba lenye oili halichomelewi. Grainda ikaondoa kikombe cha springi. Mkerezaji akachonga bomba pana lenye hesi kwa nje, likavikwa juu ya lile la zamani na kukalia pete iliyochomelewa. Nati mbili zinafuata: ya juu inabeba springi, ya chini inabana nati ya juu isilegee. Springi mpya ni nyembamba, milimita 65 kwa ndani.

Hapa nawasihi. Gari likiwa kwenye jeki na tairi zinaning'inia, springi lazima ibaki imebanwa. Ikicheza, inaweza kutoka kwenye kiti chake ukiwa barabarani. Na wanaopasha springi moto ili gari lishuke, acheni kabisa. Chuma hupoteza nguvu.

Mimi nimeshusha kidogo tu. Ukizidisha, shokapu inakosa nafasi ya kusafiri na usukani unavutwa kila tairi inapopiga shimo. Kesho naenda kupima alaimenti, kwa sababu urefu ukibadilika, pembe za tairi nazo hubadilika.