Ndugu yako akifungwa: rufaa inaanzia kwenye tarehe

Mtu akitiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, iwe Kondoa, Mpwapwa, Kongwa au hapa mjini Dodoma, rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu, na ana siku 10 tu za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa. Zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa, si tangu familia ilipopata hela ya wakili. Notisi yenyewe ni karatasi moja, haihitaji sababu za rufaa, na aliye ndani anaweza kuitoa kupitia ofisi ya gereza kwa sahihi au dole gumba. Kwa hiyo mkienda gereza la Isanga kumwona mara ya kwanza, baada ya salamu muulizeni: umeshatia dole kwenye notisi? Tarehe ngapi?

Hati ya rufaa yenyewe, ile yenye sababu, inatakiwa ndani ya siku 45 tangu hukumu, lakini muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, hauhesabiwi. Nafuu hiyo inataka ushahidi. Andikeni barua ya kuomba nakala mapema, ipelekeni mahakama iliyotoa hukumu, igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na kopi yenye muhuri na tarehe. Siku ya kuchukua nakala nayo iandikwe. Rufaa nyingi hukwama hapa: familia inaapa kwamba ilifuatilia nakala kwa miezi, lakini haina hata karatasi moja ya kuonyesha. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Mwanzo njia yake ni nyingine, anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Muda ukishapita, hamjapoteza kila kitu. Wakili anaweza kuomba nyongeza ya muda Mahakama Kuu kwa hati ya kiapo, akieleza sababu za msingi na kilichofanyika katika kipindi chote cha kuchelewa. Kama kosa ni la ucheleweshaji gerezani, kiapo cha mfungwa peke yake mara nyingi hakitoshi. Kitafutwe na kiapo cha ofisa wa gereza.

Kuhusu wakili, msimlipe mtu kabla hamjahakikisha jina lake kwenye mfumo wa eWakili wa Mahakama kwamba leseni yake ni hai. Vishoka, yaani mawakili bandia, wapo, na rufaa iliyosainiwa na kishoka inaweza kutupwa pamoja na muda wenu. Makubaliano ya malipo yawe kwa maandishi, yaseme kama yanahusu rufaa nzima au hati tu. Asiye na uwezo akumbuke Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017: katika kesi za jinai, jaji au hakimu anaweza kuthibitisha kwamba mtu anahitaji kupatiwa wakili.

Wakili mzuri wa rufaa mnamtambua kwa namna anavyosoma mwenendo. Anayeandika "hakimu alikosea kisheria na kimantiki" kisha akanyamaza hajawasaidia. Mahakama Kuu kwenye rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, kwa hiyo kila sababu ielekeze kwenye ukurasa na shahidi.

Chukua kesi ya wizi wa ng'ombe, ambazo huku kwetu hazikauki. Mlalamikaji akisema tu "hawa ni wangu", haitoshi. Alitakiwa ataje alama, rangi, pembe au mkato wa sikio kabla hajaonyeshwa mifugo. Wakili atafute kwenye maelezo yake: alama zilitajwa lini, na zinafanana na zilizoandikwa kwenye hati ya mashtaka? Hati ikisema ng'ombe sita na mashahidi wakasema wanne, hiyo ni hoja. Vilevile hati ya upekuzi au maelezo ya onyo (maelezo ya mtuhumiwa yaliyoandikwa polisi) yaliyopokelewa kama kielelezo lakini hayakusomwa mahakamani kwa sauti, huondolewa kwenye ushahidi. Baada ya hapo uliza: kilichobaki kinatosha kumfunga mtu?

Kwa matukio ya usiku, hoja kuu ni utambuzi. Tangu uamuzi wa 1980 katika kesi ya mtu aliyeitwa Waziri Amani, mahakama inataka kujua shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, kwa mwanga wa aina gani, na kama alimfahamu kabla. "Kulikuwa na mwanga wa taa" bila kusema taa gani na ukali wake ni ushahidi dhaifu.

Kuna ukuta mmoja mgumu. Jambo ambalo shahidi alilisema na mshtakiwa hakumhoji juu yake huchukuliwa kwamba alilikubali. Wakili wa rufaa hawezi kurudi nyuma akamhoji shahidi huyo.

Aliyekiri kosa hawezi kupinga hatia kwa kawaida, anapinga adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Milango midogo ipo, mfano kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, au maelezo aliyokubali hayafanyi kosa. Na mwambieni ndugu yenu ukweli huu kabla hajasaini: Mahakama Kuu inaweza kupunguza adhabu, lakini inaweza pia kuiongeza. Aliyepewa chini ya miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha anaweza kujikuta ameikumbusha mahakama kwamba miaka hiyo 30 ndiyo kiwango cha chini cha sheria.

Dhamana wakati rufaa inasubiri inaombwa, lakini ni ngumu, kwa kuwa huyu si mtuhumiwa tena. Mkishindwa Mahakama Kuu, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni ndani ya siku 30, na huko hoja ni za kisheria. Mkishinda, amri husema aachiwe isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Ulizeni mapema kama ana kesi nyingine wilaya ya jirani, msije mkasimama langoni na nguo zake naye habanduki ndani.