Ada, korosho na mimi: mwaka wangu wa kwanza Mtwara

Nilitoka Mombasa na begi mbili, ndoo ya mahamri ya mamangu na barua ya ajira nimeikunja mara nne kama mtu anaeogopa itaruka dirishani. Feri ya Likoni, Lunga Lunga, muhuri, Horohoro, muhuri tena, kadi ya homa ya manjano, halafu Tanga mpaka Dar usiku. Nikalala gesti Mbagala, alfajiri nikapanda basi jingine. Sisi wa Mombasa tukisema kusini huwa tunamaanisha Tanga, siku ile ndo nikajua kusini nayo ina kusini yake, maana kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 na mahamri yalikuwa yashaanza kukauka.

Siti ya pembeni alikaa mzee mmoja wa Newala. Tulipofika Daraja la Mkapa akaniamsha kabisa nione Rufiji, akasema kabla ya 2003 hapa walikuwa wanavuka na pantoni, na mvua ikizidi mnalala hapo hapo na kuku wenu. Mbele pale Somanga, palipokatika barabara kwa mvua za Kimbunga Hidaya mwaka 2024, gari likatambaa na watu wote kimya. Baadae akaniuliza, "Unaenda kufanya nini Mtwara, mwanangu?" Nikamwambia naenda kuwa mwalimu mkuu, shule ya msingi ya binafsi. Akafikiri kidogo. "Haya. Basi ujifunze korosho." Nikacheka, nikamwambia babu mi mwalimu wa hesabu.

Habari za kibali cha kazi na kibali cha ukaazi naziruka, aliyewahi kufuatilia anajua, asiyewahi simtishi.

Kikao cha kwanza cha walimu nilikiharibu mwenyewe. Niliingia na laptopu, nikasema ajenda ya kwanza ni maandalio ya masomo, ya pili mahudhurio, twende. Walimu wakaniangalia tu. Walipotoka, msaidizi wangu, mama mtu mzima wa Ligula, akafunga mlango taratibu akasema, "Madam, watu hawajajuliana hali." Na mimi mtoto wa pwani! Yani miaka tisa ya kufundisha Nairobi ilikuwa imenimaliza na sijijui. Kesho yake nilianza na habari za nyumbani, za watoto, za mwalimu wa darasa la tatu ambae mkewe kajifungua, nusu saa nzima ikaenda, na maandalio yakaletwa siku hiyo hiyo bila kuyadai.

Lakini kilichonifunza kazi ni ada. Mi nilikuwa nasema karo, wazazi wanatazamana. Mwezi wa pili nikachapisha orodha ya wanaodaiwa, nikarudisha watoto nyumbani kama tulivyozoea kule, asubuhi yake darasa la tano lina watoto kumi na moja. Akaja mama mmoja, ana shamba Tandahimba, mtoto anakaa kwa shangazi yake hapa mjini. Hakuja kulia wala kugomba. "Madam, nitalipa mnada." Nikashika kalamu, nikamuuliza mnada ni tarehe ngapi. Akanihurumia kwa macho, ndivyo nilivyoona.

Msaidizi ndo akanikalisha. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, yani ushirika wa wakulima, inaingia ghalani, anapewa stakabadhi, inapigwa mnada, hela inaingia benki, na hayo yote ni kuanzia mwezi wa kumi. Kabla ya hapo hana kitu, ana mikorosho tu. Mimi nadai mwezi wa pili hela ambayo bado haijawa hata ua! Nikarudisha watoto darasani, halafu nikakaa wikiendi mbili na mmiliki tukapanga mishahara ya miezi tisa upya: wazazi wa bandarini na maofisini walipe kila mwezi, wa mashambani walipe kwa msimu, kwa maandishi. Hesabu ngumu kuliko zote nilizowahi kufundisha, walahi.

Baada ya hapo nikaanza kuuona mwaka kama wanavyouona wao. Kuanzia mwezi wa tano na wa sita, Jumatatu watoto waliotoka shamba wananukia salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nguo zina vumbi la njano. Likizo ya mwezi wa sita kuna jando na unyago, mtoto mmoja karudi ananiambia haitwi tena vile, ana jina jipya, nami nina daftari la mahudhurio mkononi. Msaidizi akaamua fasta: darasani la zamani, uwanjani jipya. Mpaka leo nikisimamia mpira nachanganya.

Mjini nimezoea. Nakaa Shangani, bahari naisikia usiku, Jumamosi napanda daladala hadi Mikindani, naipita Boma ya Wajerumani ya 1895 nakaa chini ya mti nakula pweza. Nikimpigia mamangu anasema nimeanza kuongea kama mtu wa huko, "naomba" nyingi. Kinachonishinda ni upweke wa magharibi, hasa Ramadhani, futari ya mtu mmoja haipikiki, unapika unaishia kuigawa kwa jirani.

Mwezi wa kumi na moja yule mama wa Tandahimba akarudi. Kaweka hela mezani, ada ya mwaka mzima, na juu yake kifurushi cha ming'oko, vile viazi vya porini vya huku, iliyochemshwa, bado ya moto. Nikamwandikia risiti. Akataka kuondoka, nikamwambia kaa kwanza mama, mnada wa leo umeendaje, daraja la kwanza wamekupeni bei gani? Akavua kandambili akakaa vizuri. Tulimenya ming'oko tunaongea korosho mpaka kengele ya kutoka ikalia na mtoto wake akaja kumchungulia mlangoni.