Mwanangu anasema

Baridi ya Julai ya Nairobi ni kali kwetu sisi tuliolelewa Tanga. Leo alfajiri nimekuta kitanda cha binti yetu kitupu, roho ikaniruka. Kumbe yuko jikoni, amemfunika Karafuu, mbwa wetu mdogo, kwa kanga yangu, wamelala wote wawili mkekani.

Karafuu ana wiki tisa, leo tuko naye siku ya nane. Daktari wa mifugo ameshamchoma chanjo ya kwanza ya parvo, ugonjwa hatari wa mbwa wadogo. Ya kichaa cha mbwa inasubiri atimize miezi mitatu. Msitu wa Karura, hapa hapa Nairobi, atauona baadaye, akiwa na kamba yake shingoni. Usiku analia, na mume wangu (Mungu amzidishie) ndiye anayeamka.

Ila ninachotaka kuwaambia hasa ni hiki: tangu tuhamie huku, mtoto wangu wa miaka miwili na nusu alikuwa kimya kabisa. Sasa kutwa nzima namsikia akimwita Karafuu: "Kuja! Kuja hapa!" kama watoto wa jirani. Jana mama alipiga simu akamsikia, akauliza, "Mwanangu, mjukuu wangu hajui tena kusema 'njoo'?"

Nikamwambia, anasema yote mawili, mama. Anasema! Tukalia wote.